Maswali yenu: mtoto hasomi, mama halali

Wiki hii nimechukua ya wazazi tu maana yamejaa.

*Shangazi, mwanangu yuko la tatu hawezi kusoma hata sentensi moja. Kila jioni tukikaa na daftari naishia kumchapa, usiku nalia. Mama T, Mbagala*

Hiyo fimbo iweke chini leo. Wa kwangu alikuwa anafuta na raba mpaka karatasi inatoboka, anataka kuandika "dada" inatoka "baba", mimi namwona mzembe kumbe anahangaika kuliko darasa zima. Kiswahili kinasomeka kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na uzembe wala kukosa akili, mara nyingi silabi anazitoa ila polepole mno, akifika mwisho wa sentensi mwanzo kashausahau, basi watu wanasema hana akili. Akapimwe macho na masikio kwanza, wengi mnaruka hapa. Yakiwa sawa nenda halmashauri muulize afisa elimu maalumu wapi anaweza kufanyiwa upimaji. Jioni dakika 15 zinatosha, akichoka funga daftari umsimulie hadithi. Na msisubiri mtihani wa taifa wa darasa la nne jamani, akifeli pale anaweza kurudia darasa.

*Kuna dawa ya kuongeza akili? Naambiwa ipo ya unga.*

Hakuna. Nimeshalijibu hili mara ngapi? Hiyo hela kampimishie macho.

*Mume wangu anasema kwao hakuna watoto wa hivi, nimemleta mimi.*

Shida ya kusoma inaweza kurithiwa kweli, ila kwa baba au kwa mama, kote kote. Muulize kwa upole yeye mwenyewe la pili alikuwa anasomaje. Nimeona wababa wakinyamaza kabisa hapo, maana na wao walichapwa kwa kosa hilo hilo na hawajawahi kumwambia mtu. Nenda nae shule amsikie mwalimu kwa masikio yake, yasiwe maneno yako tu. Na nyie mawifi mnaosema mtoto kalogwa, mnamuumiza mama ambaye tayari halali.

*Mwalimu anamsimamisha asome mbele ya wenzake, akishindwa wanacheka halafu anachapwa. Niende au nitamharibia?*

Nenda kesho, ila hasira iache nyumbani. Kanuni ya serikali ya 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni inasema viboko ni vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, tena kwa kosa kubwa la nidhamu, na kushindwa kusoma siyo utovu wa nidhamu. Omba mtoto akae mstari wa mbele na mwalimu amsikilize pembeni, siyo mbele za watu. Mwalimu huyo ana watoto wengi mno, ukimwendea kwa heshima anakuelewa.

*Naona aibu kusema, kuna siku natamani asingekuwa mwanangu. Mimi ni mama mbaya?*

Hapana mdogo wangu, umechoka. Umebeba homweki, maneno ya majirani, ada na machozi yake peke yako, na mbele za watu unacheka. Mimi nilikuwa najifungia chooni nafungulia bomba nisisikike. Jumamosi hii mwachie dada yako hata masaa matatu ulale. Ila ukiona wiki mbili usingizi hakuna, chakula hakipiti, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, usisubiri hata siku moja, nenda hospitali useme hivi hivi ulivyoniandikia, inatibika. Halafu niandikie tena, nitakuwa nasubiri.