Ticha, Wewe Huenda Choo Saa Ngapi?

Jumatano usiku, kama saa tano kasoro, nikiwa nimemaliza kupiga deki na kuanika nepi za nguo, simu iliingia ujumbe. Ulitoka kwa mama mmoja wa Kayole ambaye alifungua deikea, yaani chumba cha kulelea watoto wa watu, nyumbani kwake mwezi wa kwanza. Hakuuliza bei, hakuuliza jinsi ya kupata watoto. Aliandika hivi tu: "Ticha samahani kukusumbua usiku. Wewe ukiwa peke yako na watoto, huenda choo saa ngapi?"

Nilikaa kitandani nikausoma mara tatu. Ningekuwa nimeulizwa swali hilo mwaka 2021, au hata ningejiuliza mwenyewe, singefika pale nilipofika. Kwa hivyo dada, jibu lako nimeamua kuliandika kwa urefu, maana najua hauko peke yako. Tuko wengi katika ploti za Nairobi, kila mmoja na chumba chake, mikeka yake na watoto wa wenyewe, na hakuna anayetuuliza kama tumekula.

Mimi nilianza kulea watoto mwisho wa 2020, baada ya kuachishwa kazi ya usafi hotelini wakati wa korona. Chumba kimoja, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tatu. Choo ni cha pamoja, kiko mwisho wa korido; kutoka mlangoni kwangu ni hatua 26, nimezihesabu. Mwaka wa kwanza nauruka, ulikuwa wa kutafuta watoto tu. Kufikia mwanzo wa 2022 nilikuwa na tisa, mdogo kabisa ana wiki saba. Sheria inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3, lakini wanaoniletea mimi wengi ni vibarua. Wanafua nguo South B, wanabeba mawe mjengoni, wanapanga foleni kwenye mageti ya viwanda, na kibarua asipoonekana siku mbili nafasi yake imechukuliwa. Nafungua mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati huo, mtoto wa mwisho alikuwa akichukuliwa saa mbili usiku, siku nyingine saa tatu.

Nilijivunia kutochoka. Niliwaambia watu mimi ni chuma. Na kwa sababu sikuwa na wa kumwachia watoto ile safari ya hatua 26, nilipata suluhisho ambalo nililiona la busara sana: niliacha kunywa maji. Kikombe kimoja cha chai alfajiri kabla ya wa kwanza kufika, basi. Naenda haja saa kumi na moja, narudi kwenda saa tatu usiku. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka mzima. Ulimi ulikuwa unakauka hadi ninapoimba na watoto sauti inakwama, nikadhani ni vumbi la Pipeline.

Aprili 2022 nikaanza kuchomwa nikienda haja ndogo. Nikanywa dawa za duka, ikatulia, ikarudi. Halafu maumivu ya mgongo, chini ya mbavu, upande mmoja. Ijumaa moja nilitetemeka na joto nikiwa nimembeba yule mdogo, nikaogopa nitamwangusha, nikamlaza sakafuni kwenye godoro na mimi nikalala kando yake huku nikiwahesabu wengine kwa macho: tisa, tisa, tisa. Sijawahi kuwa na mchana mrefu kama ule.

Kwenye kliniki nesi aliniuliza, "Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani? Unakojoa mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili. Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mkojo ndio unaosafisha njia yake. Mtu akinywa maji kidogo na kujibana kutwa nzima, vijidudu vinapata muda wa kuzaana, na kwa sisi wanawake njia ile ni fupi, havina safari ndefu. Vyangu vilikuwa vimepanda hadi kwenye figo. Nilichomwa sindano, nikapewa vidonge, nikaambiwa nilale.

Nilifunga siku nne. Sikuwa nimemwandaa mzazi yeyote kwa siku hata moja ya kufunga, kwa hivyo Jumamosi alfajiri walinikuta mlangoni nimejifunga leso, siwezi kusimama. Nawaelewa, walikuwa wanachelewa. Lakini watatu hawakurudi kamwe, na katika hao watatu hakuna aliyepiga simu hata kuuliza kama nilipona. Mmoja mtoto wake alijifunza kutembea kwenye sakafu yangu, na ni mimi niliyemshika mkono.

Niliporudi kazini nikaanza kunywa maji. Nikaanza pia kukaa chini saa saba mchana watoto wakilala. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo hadi leo nikilikumbuka koo linaniuma. Mama mmoja alitoka kazini mapema, akafungua pazia, akanikuta nimekaa kwenye stuli na kikombe cha chai. Watoto wote wamelala, wamepanguswa, wameshiba. Akasema, "Kumbe ndio tunakulipia, ukae ukinywa chai." Jumamosi ile akawachukua wanawe wawili, na akaondoka na deni la shilingi 600.

Sikumjibu. Nilisimama kama mtu aliyekamatwa akiiba. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilisimama! Nilipaswa kubaki nimekaa. Nilipaswa kumwambia kwamba nimekuwa kwa miguu tangu kumi na moja na nusu, nimebadilisha nepi kumi na nne, nimepika uji mara mbili, nimembeba mwanawe mgongoni asubuhi nzima kwa sababu ya meno. Yeye alikuwa ameajiriwa kiwandani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kila mwaka akilipwa. Mimi hakuna mwajiri wa kunipa. Nisipojipa mwenyewe, sitapewa na mtu, na usipojipa wewe dada wa Kayole, hutapewa.

Sasa nikwambie ninavyofanya.

Choo kwanza, kwa sababu ndilo uliloniuliza. Naenda mara nne kati ya alfajiri na jioni, kwa saa zinazojulikana, si nikibanwa. Ya kwanza ni wazazi wakiwa bado mlangoni: namwomba mmoja ambaye hana haraka asimame dakika tatu. Wanakubali, ukiomba. Ya pili ni baada ya uji wa saa nne. Hapo jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ni fundi wa cherehani, anatoka na kusimama kwenye korido akiwaona. Mimi namwangalizia wateja wake akienda sokoni. Ya tatu ni saa ya usingizi, ya nne jioni wazazi wakianza kuja. Kukiwa hakuna mtu kabisa, na kuna siku hakuna, kabla sijatoka nahakikisha chumba kinaweza kubaki dakika mbili bila mimi. Jiko limezimwa na gesi imefungwa kwenye mtungi. Ndoo na mabeseni ya maji yameinuliwa juu, hata lenye maji kidogo, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ambayo wewe unaona hayafiki hata kifundo cha mguu. Wachanga wako sakafuni kwenye godoro, kamwe si kitandani, wamelala chali, bila mto, bila blanketi zito karibu na uso. Chupa ya chai na dawa ya kufulia viko kwenye kabati. Halafu naenda, na mlango wa choo siufungi hadi mwisho. Kuna mmoja atalia. Alie. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nililia kwa figo.

Kunywa maji. Nasema tena: kunywa maji. Nina chupa ya lita moja na nusu dirishani, na lazima iishe kabla ya saa kumi jioni.

Saa ya usingizi ni yako. Hapa ndipo walezi wengi tunapojiua wenyewe. Watoto wakilala tunakimbilia kufua, kuosha vyombo, kuchambua mboga za jioni, na wanapoamka tumechoka kuliko walivyotuacha. Mimi nimeweka kwamba kuanzia saa saba na robo hadi saa nane sigusi sabuni. Nakula chakula cha moto, nimekaa, nikiwa pale pale ninapowaona na kuwasikia wakipumua. Kupumzika si kulala, watoto wa watu huwezi kuwalalia usingizi. Lakini miguu juu ya stuli, redio kwa sauti ya chini, na mtu mzima mmoja wa kuongea naye kwa simu dakika kumi, hayo yamenirudishia akili yangu.

Tuje kwenye pesa, maana mapumziko yana bei na usidanganyike. Nilipokuwa na watoto tisa kwa shilingi 100 kwa siku, nilikuwa napata 900 wakilipa wote. Nilipougua nikabaki na wachache, nikafikiri nimeisha. Nikaamua kutojaza tena hadi tisa. Nikasimama kwa saba, nikapandisha hadi 120, halafu miezi minne baadaye 150, nikiwaeleza wazazi kwa nini: watoto wachache, mlezi ambaye hajachoka, na msichana mmoja wa ploti yetu aliyemaliza kidato cha nne anayekuja kunishikia kwa saa moja kila siku. Saba mara 150, wakilipa wote kamili, ni 1,050. Msichana nampa 100. Inabaki 950, na ni watoto wawili pungufu ya wale tisa. Nilikaa na kaunta buku usiku ule nikapiga hesabu hiyo mara tano kwa sababu sikuamini. Nilikuwa nimejichosha mwaka mzima kwa shilingi 50 pungufu.

Wako watakaoondoka ukipandisha. Waache. Si wote wanaoondoka ni wabaya, wengine kweli hawana, na wawili wa namna hiyo bado nawatoza 100 na sijawahi kuwatangaza. Lakini yule anayeweza na anataka uzeeke kwa ajili yake, mfungulie mlango kwa heshima.

Saa ya kufunga nayo iandike. Yangu ni saa kumi na mbili na nusu jioni, iko kwenye karatasi ya manila mlangoni, na kila nusu saa ya ziada ni shilingi 50. Mvua ikinyesha na barabara ya Outering ikijaa magari, nasamehe. Tarehe 25 Juni 2024, ile Jumanne ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, magari yalikosekana na wazazi wangu walitembea kutoka mjini. Nilikaa na watoto watano hadi saa tano usiku, nikawapikia, nikawalaza, na sikumtoza mtu hata shilingi. Siku kama hiyo unatoa kwa moyo mweupe kwa sababu siku nyingine zote mpaka wako umeheshimiwa. Ukiwa unatoa kila jioni, siku ya shida huna cha kutoa.

Jumapili nafunga kabisa. Nilipigwa vita. Kuna aliyesema namnyima riziki. Nikatafuta deikea moja mtaa wa pili inayofungua Jumapili, nikaenda mwenyewe kuona chumba, nikawapa wazazi namba. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi mwenye deikea hiyo ananiletea watoto wake wawili ili aende kliniki ya presha. Tafuta mlezi mwenzako, dada. Usimwone kama mtu wa kukunyang'anya wateja. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulea watoto mwaka 2017, na siku tulipoenda kuuliza mambo ya usajili tulienda sisi wawili kwa zamu, mmoja akishika watoto wa wote. Peke yangu ningeenda lini?

Na ugonjwa. Mzazi anapoleta mtoto kwa mara ya kwanza, namwambia kabla hajalipa: nikiugua nitafunga, nitakupigia kabla ya saa kumi alfajiri, kwa hivyo nipe jina la mtu wa pili atakayemshika mwanao. Asiye na mtu wa pili tunamtafuta pamoja, shangazi, jirani, yeyote. Hilo ni jambo dogo, dakika tano, na lingeniokolea wale watatu.

Desemba nafunga siku kumi na mbili, naenda kwetu Machakos. Natangaza mwezi wa kumi. Mwaka wa kwanza nilipotangaza, sauti ilitetemeka na mama wawili walinuna hadi sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20, ikapita. Mwaka huu, ilikuwa bado Agosti, mmoja wao akaniuliza mlangoni huku akimvua mtoto viatu: "Ticha, mwaka huu unafunga tarehe ngapi? Nataka kumpigia mamangu mapema amngojee mtoto."

Nikamwambia tarehe ishirini na moja. Akaitoa simu akaiandika.