Jibu: Rangi kwenye nguo za kazini

Dada, umeuliza utavaaje rangi uzipendazo, hasa ya chungwa, wakati ofisini kwenu wanataka nyeusi na kijivu tu. Usihangaike na suti nzima. Mimi nilimpelekea fundi koti langu jeusi, akalitia bitana ya kitenge cha njano na zambarau. Nikikunja mikono ya koti, rangi inachungulia inchi mbili tu, na siku nzima najisikia ni mimi.

Ijumaa ofisi nyingi hapa Dar zinaruhusu vitenge, hapo ujiachie. Kariakoo pisi ya yadi 6 inakutosha gauni na kilemba. Ila kabla ya kwenda kwa fundi kiloweke kitenge kwenye maji baridi, maana vingine huchuja rangi, vingine hurudi, yaani hupungua. Hiyo rangi ya chungwa uliyoitaja, anza nayo kwenye mtandio.