Maji moto ya Amboni: tufue umeme au tukaushie mwani?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa mwani hapa Tanga. Masika mwani unatuozea kwenye vichanja, ndipo tukawaza joto la maji moto ya Amboni. Fundi mmoja ametushauri tununue mtambo mdogo, ufue umeme kwa yale maji, kisha umeme uwashe mahita ya kukaushia. Mwingine anasema tununue pampu ya joto, eti ufanisi wake ni asilimia 400. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini najua asilimia ya ufanisi haivuki 100. Nani anatudanganya?

JIBU: Marahaba, dada katibu. Huyo wa pili hakudanganya, ila neno amelikosea. Wa kwanza simwiti mwongo, lakini ushauri wake utamaliza akiba ya kikundi.

Nianze naye. Mtambo unaofua umeme kwa joto ni kama Tanga yenyewe, waja leo waondoka leo: joto huingia upande wa moto, na sehemu yake lazima itoke upande wa baridi. Kiasi kinachobaki kuwa kazi kina kikomo, na Mfaransa Sadi Carnot ndiye aliyeonyesha njia ya kukipata mwaka 1824. Chukua tofauti ya joto la pande mbili, igawe kwa joto la upande wa moto, hilo la kugawia likiwa kwa kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi uongeze 273. Tuseme maji yana nyuzi 45 na upande wa baridi una 28. Tofauti ni 17. Igawe kwa 318, unapata asilimia 5 na ushei. Hicho ni kikomo cha mashine isiyo na msuguano wala hasara yoyote, na hiyo haiuzwi dukani. Ya kununua ikiwapa asilimia 2 mshukuru, na bado pampu ya kusukumia maji itaudai umeme huohuo.

Kule Olkaria, Kenya, ambako jotoardhi limefua umeme tangu 1981, wanachimba hadi kwenye joto linalopita nyuzi 200. Hata hivyo, mitambo ya aina hiyo duniani hupata wastani wa karibu asilimia 12 tu ya joto linalotoka ardhini.

Ninyi wa pwani mtanielewa kwa nazi. Kuna tui zito na kuna tui jepesi. Joto la nyuzi 200 ni tui zito, na umeme ni zito kulishinda. Maji ya nyuzi 45 ni tui jepesi: jingi, lakini huwezi kulirudisha kuwa zito bila kubaki na vijiko viwili. Sasa mwani unataka nini? Hewa ya nyuzi 38 hivi. Hiyo ni kazi ya tui jepesi kabisa. Kulikamua joto lipatikane umeme kidogo, kisha umeme huo uurudishe kuwa joto la nyuzi 38, ni kuzunguka mbuyu. Hita yenyewe haipotezi kitu, kila uniti ya LUKU inatoka kama joto. Ubaya wake ni kutumia tui zito kuchemshia mihogo.

Sasa tutumie joto moja kwa moja. Lita moja ya maji kwa sekunde ikipoa kutoka nyuzi 45 hadi 35 inatoa kilowati 42. Hayo ni majiko ya umeme ya sahani moja 28, ya wati 1,500 kila moja, yakiwaka pamoja. Joto hilohilo likipita kwenye mtambo wa asilimia 2 halitoshi hata jiko moja.

Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunadai karibu kilojuli 2,400. Kilowati 42 kwa saa nzima zingeondoa kilo 63 za maji; kwa kikaushio cha mbao kinachovuja hewa, tuhesabu 30. Na joto lina faida nyingine: hewa ya masika ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 90, ukiipasha hadi 38 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka hadi karibu 50. Mwani unaanza kukauka huku mvua inanyesha nje.

Kwa vifaa, tafuteni rejeta ya lori na feni. Ila maji ya Amboni msiyapitishe ndani yake! Ile harufu ya mayai viza ni salfa, nayo inaila shaba. Pete yangu ya fedha iligeuka nyeusi kwa salfa kama hiyo, mke wangu akadhani nimeuziwa bati. Zungusheni maji safi kwenye bomba refu la plastiki lililolazwa ndani ya maji moto, hayo safi ndiyo yaende kwenye rejeta. Mtapoteza nyuzi mbili tatu njiani. Ndiyo ada ya kubadilishana joto.

Pampu ya joto je? Pitia maduka ya samaki pale Deep Sea, weka mkono nyuma ya friji. Lile joto halikutengenezwa na umeme peke yake, jingine limetolewa kwenye samaki. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: uniti moja ya umeme inahamisha tatu kutoka kwenye maji au ardhi, unapata nne. Hakuna kilichoumbwa, kwa hiyo “asilimia 400” ni hesabu ya kuhamisha. Ingemfaa mwenye hoteli Raskazone anayetaka maji ya kuoga ya nyuzi 60 kutoka kisima cha 27. Ninyi joto lenu tayari limepita mnalolihitaji, hivyo pampu ya nini?

Kabla ya senti kutoka, ombeni kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kisha nendeni na kipimajoto, ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Kingeni maji yanapotoka, mhesabu sekunde hadi ndoo ijae. Niandikie joto na sekunde hizo, nikupigie hesabu ya ukubwa wa rejeta.