Nilijifunza kupiga mbizi Gozo, na safari ningeipanga vingine

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuiita likizo. Tulikuwa na siku saba Gozo, kile kisiwa kidogo cha Malta, na humo humo tukataka tupenyeze kozi ya siku nne ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, mahekalu ya kale ya Ġgantija, boti ya kwenda Comino na usingizi wa mpaka saa nne asubuhi. Kilichofanyika sawasawa ni kozi. Jioni tulikuwa tunasinzia juu ya sahani za tambi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo namwambia: kozi ianze mwanzoni mwa safari, na masomo ya nadharia uyamalize nyumbani kwenye kompyuta. Mume wangu aliyamaliza Leipzig, tunakoishi. Mimi nikasema nitasoma kwenye ndege. Nikaishia saa saba za usiku hotelini nakariri kwamba ukishuka mita 10 shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu, mwenzangu anakoroma. Fomu ya afya nayo iombe mapema. Inauliza pumu, moyo, masikio na mengine, na ukijibu ndiyo kwenye baadhi ya maswali watataka saini ya daktari kabla hujalowa hata kidole. Kumsaka daktari ugenini kunakula siku nzima.

Halafu kuna jaribio la kuogelea: mita 200 kwa mtindo wowote bila kupimwa muda, kisha kuelea dakika 10. Watu wananicheka nikisema liliniogopesha, maana nimezaliwa Tanga. Jamani, sisi watoto wa kike tulikuwa tunaingia baharini mpaka kiunoni na kanga zetu, basi. Kuogelea nimejifunzia bwawani Ujerumani nikiwa na miaka 33. Kama hujui, anza na hilo, mtungi utakungoja.

Sasa nywele, jambo ambalo sikulikuta limeandikwa popote. Nilikwenda na rasta ndefu nilizosuka wiki ile ile. Miwani ya kuzamia inashika uso kwa ukingo wa mpira laini, na unywele mmoja tu ukipita chini yake, maji yanaingia. Mkanda wake nao ulikuwa unateleza juu ya fundo la rasta. Siku ya pili nikazifunga chini kabisa, usawa wa shingo, nikavaa kofia ya mpira, tatizo likaisha. Wenye masharubu mna yenu: miwani ya mume wangu ilivuja mpaka alipokubali kunyoa mstari mwembamba chini ya pua. Mstari ule ulimuuma kuliko bei ya kozi.

Zoezi lililonishinda ni la kuvua miwani chini ya maji. Tulikuwa ghuba ya Xlendi, kina cha mita tatu hivi, tumepiga magoti mchangani kama watoto wa chuoni mbele ya maalimu. Unaivua kabisa, unaendelea kupumua kwa mdomo kwenye kile kifaa cha hewa, unaivaa tena, unatoa maji kwa kupuliza puani. Kwa maelezo ni rahisi. Lakini maji ya chumvi yalipoingia puani mwili ukasahau kwamba mdomoni kuna hewa. Nikaziba pumzi, nikapiga mapezi kuelekea juu. Mwalimu, mama mmoja wa Kimalta, mfupi, mwenye mikono ya mvuvi, alinidaka jaketi akanizuia, kisha akanyoosha kidole kwenye mapovu yake mwenyewe: toa hewa, toa hewa.

Alikuwa na haki ya kunidaka. Hewa uliyoivuta chini imebanwa na uzito wa maji, na unapopanda inatanuka. Ukiwa umeziba pumzi inatanukia ndani ya mapafu, na hata mita chache zinatosha kuyapasua. Usiku ule nikajaza sinki la hoteli, nikatumbukiza uso nikiwa na mrija wa kupumulia mdomoni, pua wazi, nikapumua dakika 20 mpaka pua ikachoka kushtuka. Kesho yake zoezi likapita mara moja. Lifanyie nyumbani wiki mbili kabla, hata ndoo inatosha.

Masikio: yazibue kabla hayajauma, tangu nusu mita ya kwanza, kwa kubana pua na kupuliza taratibu. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena. Ukiwa na mafua, baki nchi kavu. Na tahadhari na dole gumba. Kwetu dole gumba juu ni safi, poa. Chini ya maji maana yake ni tupande. Nilimwonyesha mwalimu kwa furaha zangu zote, kundi zima la watu watano likapanda juu kwa sababu yangu. Sawa ni duara la kidole gumba na cha shahada.

Mpwani atashangaa kwamba bahari ile karibu haina kupwa na kujaa. Tofauti haifiki hata nusu mita, wakati Tanga siku za bamvua maji yanakuachia ufuko mzima. Kinachoamua kule ni upepo, na kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 14 hivi, kwa hiyo mnahamia upande uliotulia. Usije umeng'ang'ania Blue Hole ya Dwejra, pale palipokuwa na lile tao la mawe, Azure Window, lililoangushwa na dhoruba Machi 2017. Siku yetu mawimbi yalikuwa yanapiga huko, tukapelekwa Mġarr ix-Xini, ghuba nyembamba kati ya majabali, maji yametulia kama chai kikombeni. Ilikuwa mwisho wa Septemba na bahari bado ilikuwa na joto. Februari inashuka mpaka nyuzi 15 hivi, mimi siendi. (Na utege sikio kwa wavuvi: bahari wanaiita baħar, na wakihesabu utasikia sitta, sebgħa, disgħa.)

Siku ya mwisho usipige mbizi. Baada ya mbizi kadhaa unashauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Hapo ndipo Ġgantija ilipopata nafasi yake.

Mbizi ya nne, mita 17, karibu na kikomo cha cheti chetu ambacho ni 18, mwalimu alisimama mbele ya ufa wa jabali na kuashiria vidole vinavyochezacheza. Pweza. Alikuwa amejibana ndani, jicho moja limetutazama, ngozi inabadilika kutoka kahawia kwenda kijivu kila tulipopumua. Tulikaa naye kama dakika tatu. Jioni nikampigia mama Tanga, nikamsimulia yote, mtungi, masikio, ile rangi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mkamwacha?"