Presha ya mapafu: anza na korido ya mita 30

Mgonjwa wa presha ya mapafu, yaani presha kubwa kwenye ateri zinazopeleka damu mapafuni, anaweza kupimwa presha ya mkononi kila mwezi, akaambiwa ni 110 kwa 70 na kwamba yuko salama, huku upande wa kulia wa moyo wake ukizidi kuchoka. Mashine ya mkononi haioni kinachoendelea kwenye ateri za mapafu. Ndiyo maana ugonjwa huu unahitaji ufuatiliaji wa aina yake, na sehemu kubwa ya ufuatiliaji huo inawezekana hata kwenye hospitali ya wilaya, ilimradi kila kipimo kifanyike kwa namna ileile kila mara. Hapo kwenye "namna ileile" ndipo kliniki nyingi zinapoteleza.

Kabla ya kufuatilia, hakikisha mnajua mnafuatilia nini. Presha ya mapafu ina makundi matano, na dawa za ateri za mapafu zilifanyiwa utafiti hasa kwa kundi la kwanza, ambalo tatizo liko kwenye ateri hizo zenyewe. Kwetu, kundi hilo huwa na watu wenye kichocho cha ini, VVU, magonjwa ya tishu kama skleroderma, au matundu ya moyo ya kuzaliwa nayo yaliyochelewa kuzibwa. Utafiti wa PAPUCO, uliokusanya wagonjwa 220 kutoka Kameruni, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu walikuwa na tatizo upande wa kushoto wa moyo. Ukimpa sildenafil, dawa inayotanua ateri za mapafu, mtu ambaye valvu yake ya mitrali, iliyo upande huo wa kushoto, imebana, unasukuma damu nyingi zaidi kwenye mapafu yasiyo na njia ya kuitoa, na anaweza kuja usiku huohuo mapafu yamejaa maji. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hutoa dalili tu: kasi ya damu inayorudi kwenye valvu ya trikaspidi ikizidi mita 2.8 kwa sekunde, tafuta zaidi, ikizidi 3.4, shaka ni kubwa. Uthibitisho hutoka kwenye katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo. Kwa mwongozo wa Ulaya wa 2022, kundi la kwanza linahitaji wastani wa presha ya ateri ya mapafu uzidi milimita 20 za zebaki, presha ya kabari (inayoonyesha hali ya upande wa kushoto wa moyo) isizidi 15, na ukinzani wa mishipa ya mapafu uzidi vizio 2 vya Wood.

Sasa korido. Kipimo cha kutembea dakika 6 ndicho kilichobeba majaribio mengi ya dawa za ugonjwa huu. Epoprostenol mwaka 1996, bosentan mwaka 2002, sildenafil katika utafiti wa SUPER-1 mwaka 2005: zote zilipimwa kwa umbali. SUPER-1 ilikuwa na watu 278, na baada ya wiki 12 waliopewa miligramu 20 mara tatu kwa siku walitembea takriban mita 45 zaidi ya waliopewa dawa bandia. Mita 45 ni korido moja na nusu tu, kwa hiyo uzembe mdogo wa mpimaji unatosha kuzifuta zote au kuzizua.

Pima korido iliyonyooka, ngumu chini, isiyopitiwa na machela, urefu wa mita 30. Weka alama kila mita 3 na koni kila mwisho. Kwenda na kurudi ni mita 60. Kama jengo lenu lina mita 20 tu, itumieni, lakini msihame tena: korido fupi humfanya mgonjwa ageuke mara nyingi, na kila kugeuka kunakula sekunde. Mgonjwa aliyepimwa Januari kwenye mita 20 na Aprili kwenye mita 30 atasoma "amepata nafuu" bila chochote kubadilika mwilini mwake.

Mgonjwa apumzike kwenye kiti dakika 10 karibu na mstari wa kuanzia. Awe amekula kidogo, asiwe amefanya kazi nzito saa mbili kabla. Andika viatu alivyovaa, kwa sababu mtu aliyekuja mara ya kwanza na raba na mara ya pili na kandambili hatembei vilevile. Kanga au kitenge kilichobana mapajani nacho hupunguza hatua, muombe akilegeze. Andika pia saa aliyomeza dawa. Sildenafil hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 4, hivyo aliyepimwa saa moja baada ya kidonge na aliyepimwa akingoja kidonge kijacho si watu wa kulinganishwa, hata kama ni mtu yuleyule.

Maneno ya kumtia moyo nayo ni sehemu ya kipimo. Yaandikeni kwenye kadi kwa Kiswahili, yasomwe hivyohivyo kila dakika: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano." "Endelea hivyohivyo, zimebaki dakika nne." Basi. Muuguzi mwenye moyo mzuri anayepiga makofi na kusema "kaza mama, kaza!" anaongeza mita ambazo dawa haikuzileta. Usitembee mbele ya mgonjwa wala ubavuni mwake. Atafuata mwendo wako. Akisimama kupumzika, saa isisimame. Hili hukosewa sana, na likikosewa umbali wote hauna maana. Msimamishe wewe akipata maumivu ya kifua, akiyumba, akitoka jasho jembamba au akipauka. Siku ya kwanza, mpime mara mbili kwa nafasi ya saa moja au zaidi na uchukue umbali mkubwa, maana mara ya pili watu hutembea zaidi kwa kuzoea tu.

Hesabu ni nyepesi: mizunguko 6 na mita 42 za ziada ni mita 402. Usikadirie kwa macho. Bandika stika pale kisigino kiliposimama.

Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, ina mitego yake. Piko nyeusi kwenye kucha huweza kuzuia mwanga, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa, au sikio kama mnacho kifaa chake. Kwenye ngozi nyeusi oksimita huweza kusoma juu kuliko ukweli, basi usiliwazwe na asilimia 92. Tazama imeshuka kiasi gani tangu alipoanza kutembea. Kwa mwenye mshipa wa kuzaliwa nao unaounganisha aota na ateri ya mapafu, pima kidole cha mkono wa kulia na cha mguu pia. Mkono unaweza kusoma vizuri wakati miguu inapata damu isiyo na oksijeni.

Umbali peke yake hautoshi. Baadaye tafiti zenyewe ziliona hivyo: SERAPHIN ya 2013, yenye watu 742 waliotumia macitentan au dawa bandia, ilihesabu muda hadi ugonjwa kuzidi au mtu kufariki, kwa sababu mita za wiki 12 hazisemi mengi kuhusu uhai wa miaka ijayo. Kliniki inaweza kuiga hilo kwa vitu vitatu: daraja la dalili (kuanzia I, asiye na shida, hadi IV, anayezidiwa hata akipumzika), umbali, na kipimo cha damu cha NT-proBNP, kinachopanda moyo ukielemewa. Daraja la I na la II hupata alama 1, la III alama 3, la IV alama 4. Umbali zaidi ya mita 440 ni 1. 320 hadi 440 ni 2. 165 hadi 319 ni 3. Chini ya hapo ni 4. NT-proBNP chini ya 300 ni 1. 300 hadi 649 ni 2. 650 hadi 1,100 ni 3. Zaidi ni 4. Jumlisha, gawa kwa tatu, kisha chukua namba kamili iliyo karibu: hiyo ndiyo ngazi ya hatari, 1 ikiwa ndogo kabisa na 4 kubwa kabisa.

Chukua mama wa mfano: daraja la III, mita 402, NT-proBNP 900. Alama ni 3, 2 na 3, wastani 2.7, yaani yuko ngazi ya 3. Baada ya miezi minne ya dawa yuko daraja la II, mita 428, NT-proBNP 520. Sasa ni 1, 2 na 2, wastani 1.7, ngazi ya 2. Ameongeza mita 26 tu, pungufu ya zile 33 ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa badiliko la maana, lakini hatari yake imeshuka ngazi nzima. Anayetazama korido peke yake angembadilishia dawa bure. Chungeni jambo moja: BNP na NT-proBNP si kitu kimoja, namba zake hazibadilishani, na figo zikidhoofu NT-proBNP hupanda hata kama moyo uko palepale.

Upande wa dawa, sildenafil ndiyo inayopatikana kwa wepesi, na ndiyo inayoleta aibu, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo ya nguvu za kiume. Mwanamke anafika duka la dawa, anaangaliwa vibaya, anarudi nyumbani bila kitu. Andikeni kwenye cheti, kwa maneno kamili, kwamba ni ya presha ya mapafu na ni mara tatu kwa siku. Kidonge cha 50 hukatwa nusu kupata 25. Cha 100 kukatwa robo huvunjika vipande visivyolingana, tukiepuke. Mgonjwa asiongeze kamwe dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha ya mwili inaweza kuporomoka. VVU inahitaji umakini: ritonavir, iliyomo kwenye dawa za mstari wa pili kama atazanavir/ritonavir, hupandisha sildenafil mno, na mchanganyiko huo haufai. Rifampisini hufanya kinyume. Mgonjwa aliyeanza dawa za TB halafu umbali wake ukashuka, fikirieni hilo kwanza.

Bosentan inataka kipimo cha ini kila mwezi, na pia hudhoofisha kijiti na vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke anayetegemea kijiti peke yake hajakingwa, na mimba kwa ugonjwa huu inaweza kumuua, mbali na madhara ya dawa yenyewe kwa mtoto tumboni. Ongezeni kondomu, au jadilini kitanzi. Nifedipini na amlodipini, dawa za presha ya kawaida, ziachwe mpaka katheta ionyeshe kuwa mishipa inaitikia. Wanaofaidika nazo kwa muda mrefu ni wachache sana.

Mkiwa mnakusanya takwimu kwa ajili ya utafiti, msiache kisanduku kitupu kwa aliyeshindwa kutembea. Andika sababu: amefariki, amelazwa, amevunjika mguu, amekosa nauli. Aliyezidiwa akihesabiwa sawa na aliyekosa nauli, dawa mbovu itaonekana nzuri, kwa kuwa waliobaki koridoni ni wale wenye nguvu tu. Andika pia hemoglobini. Mtu aliyeongezewa damu wiki iliyopita atatembea zaidi.

Na mgonjwa anayealikwa kwenye jaribio la dawa aulize mambo haya kabla ya kusaini. Je, kuna kibali cha kamati ya maadili, na kwa Tanzania, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba)? Je, atabaki na dawa zake za kawaida? Kwenye STELLAR ya 2023, sotatercept ya sindano kila siku 21 iliongezwa juu ya dawa za zamani, na hata waliopata dawa bandia hawakunyimwa tiba. Nani atalipia vipimo vya hemoglobini na chembe sahani (za kugandisha damu) kabla ya sindano? Nani atapokea simu usiku? Na jaribio likiisha, dawa itaendelea kutolewa kwa muda gani, na nani? Jibu la hili la mwisho liwe kwenye karatasi anayobaki nayo, kwa sababu dawa za ugonjwa huu zikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa siku chache.