Mzoga wa ng'ombe na kopo la dawa ya kupe: jibu kwa aliyeuliza kuhusu hatari za vimelea na kemikali

Mleta mada ameuliza kama mwananchi wa kawaida ana haja ya kujua lolote kuhusu hatari za vimelea na kemikali, au hayo tuwaachie wanajeshi. Mkuu, mimi ni afisa mifugo, nimezunguka maboma ya Monduli na Longido kwa miaka mingi. Haja ipo, tena kubwa.

Mwaka 2001 kule Marekani barua zilizotiwa vimelea vya kimeta (anthrax), ugonjwa wa mifugo unaoambukiza binadamu, ziliwafanya watu 22 waugue, wakafa 5. Kwetu kimeta kipo ardhini tayari. Vimelea vyake hujivika ganda gumu na kukaa kwenye udongo makumi ya miaka. Kiangazi nyasi zikiwa fupi, ng'ombe anakula mpaka mchanga, na asubuhi mnamkuta amekufa ghafla, jana alikuwa mzima. Tazama puani, mdomoni na njia ya haja kubwa: damu nyeusi inatoka na haigandi. Tumbo limevimba upesi, na miguu haikakamai kama ya mzoga mwingine.

Hapo kisu kibaki alani. Ukipasua, damu inakutana na hewa, vimelea vinajivika lile ganda, na eneo zima la malisho limeharibika. Najua uchungu wa kufukia ng'ombe mzima wakati watoto wana njaa, na simlaumu mfugaji anayesita. Lakini kuchemsha nyama sana hakukuhakikishii usalama. Zuia mbwa na fisi, mwite mtaalamu wa mifugo, mzoga uchomwe au ufukiwe mita 2 kwenda chini. Ng'ombe waliobaki hai wachanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Kwa binadamu huanza kipele kinachowasha mkononi au usoni, kinakuwa lengelenge, halafu kidonda chenye kigaga cheusi kama mkaa, pembeni pamevimba. Hakiumi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nimemwona kijana aliyechuna mzoga akiendelea kuchunga na kidonda hicho kwa sababu hakikumsumbua. Antibayotiki zinakitibu vizuri ukiwahi. Ukiachia, kinaweza kuua hata mtu 1 kati ya 5. Mweleze daktari waziwazi kwamba uligusa au ulikula mzoga, asije akadhani ni jipu tu.

Upande wa kemikali, wengi wamesikia sarini, ile sumu iliyotumika kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo mwezi Machi 1995. Baadhi ya dawa za kuogeshea mifugo na za kupulizia mboga ni za ukoo huohuo, oganofosifeti, ingawa nguvu yake ni ndogo zaidi. Kinachonikera kuliko vyote ni kuzimimina kwenye chupa za maji ya kunywa na kuziweka chini ya kitanda. Iache dawa kwenye kopo lake, ndani ya kabati lenye kufuli.

Aliyepata sumu hiyo utamwona anatokwa mate, machozi na jasho kupita kiasi, mboni za macho zimekuwa ndogo mno, anatapika, misuli inachezacheza, kifua kinabana. Mpeleke kwenye hewa safi, mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe uvae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Tokyo wauguzi na madaktari nao waliugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Usimtapishe, na yale maziwa tunayokimbilia kumnywesha yaacheni, yanaweza kumwingia mapafuni.

Kwa Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Mkimpeleka hospitali, bebeni kopo lenyewe ndani ya mfuko uliofungwa, au pigeni picha ya lebo. Daktari akishajua ni dawa ya jamii gani, ataamua mapema kama aanze na atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hii.