Maswali yenu: kiatu cha kwanza cha kukimbilia

Barua nyingi nilizopata karibuni zinauliza kuhusu viatu, na wengi walioziandika hawajaanza kukimbia bado. Wanasubiri kiatu. Nimechagua maswali machache yanayobeba mengine.

Naishi Umoja na nataka kuanza kukimbia asubuhi kabla ya kazi. Kiatu kipya dukani ni ghali mno kwangu. Vya mitumba vya Gikomba vinafaa, ama nitajiumiza?

Vinafaa, dada yangu, mradi ujue kukagua. Kiatu cha kukimbilia huanza kuzeeka ndani. Muuzaji atakiosha, akipige brashi na kukitia kamba mpya, nawe ukione kinang'aa. Kinachokufa ni sponji, ile tabaka nene kati ya unyayo wako na raba inayokanyaga chini. Imejaa viputo vya hewa, na vikishafinywa maelfu ya mara havirudi tena. Hata kiatu ambacho hakijavaliwa, kikikaa stoo miaka mingi, sponji hukakamaa na gundi huanza kuachia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, weka viatu vyote viwili juu ya ubao wa kibanda, uchutame uvitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, kirudishe. Mwenyewe wa kwanza alikikanyaga hivyo na kitakukanyagisha hivyo hivyo. Geuza soli. Kama raba ya kisiginoni imeisha hadi sponji inaonekana, kirudishe pia. Kisha bonyeza sponji pembeni kwa kidole gumba: iingie kidogo, irudi papo hapo. Ikiwa ngumu kabisa, au ikibaki na alama ya kidole, achana nayo. Kunja kiatu kwa mikono miwili. Kinapaswa kukunjikia pale vidole vya mguu vinapoanzia, si katikati. Mwisho tia mkono ndani, upapase kitambaa cha kisiginoni. Kikiwa kimetoboka, malengelenge yanakungoja.

Soma lebo ya kila kiatu, ndani ya ulimi. Bale, yale marobota ya mitumba, zikifunguliwa vitu huchanganyika, na watu hurudi nyumbani na kushoto 6, kulia 7. Ukiweza, fika asubuhi wakati zinafunguliwa, upate kamera, yaani zile bora kabisa, kabla wenye vibanda vya mtaani hawajazichukua. Na jihadhari na kiatu "kipya" chenye nembo kubwa kinachouzwa kwa bei ya kutupa. Hapo nembo ni ya kubandika na sponji ni ya malapa. Afadhali mtumba halisi.

Viatu vyangu vya ofisini ni saizi 8. Nichukue 8?

Namba isikuongoze. 8 ya Uingereza ni kama 9 ya wanaume ya Marekani, na kila kampuni ina kipimo chake. Nenda kupima jioni, baada ya kushinda umesimama, kwa sababu miguu huvimba kutwa na huvimba zaidi ukikimbia. Beba soksi utakazokimbia nazo. Funga kamba, simama wima, uhakikishe kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole chako kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni kile cha pili. Kisigino kisipande ukitembea. Kama mguu mmoja ni mkubwa, nunua saizi ya huo. Watu wengi hununua kiatu kifupi, kisha wanashangaa kucha zikiwa nyeusi baada ya mteremko wa kwanza.

Nyayo zangu ni bapa. Muuzaji anasema lazima ninunue kiatu maalumu cha kuzuia mguu kulalia ndani, nacho ni ghali.

Una maumivu? Kama huna, sioni lazima. Ushauri huo ulitawala madukani kwa miaka mingi, lakini jeshi la Marekani lilipoujaribu kwa makurutu wake, waliopewa viatu kulingana na umbo la unyayo waliumia karibu sawa na waliopewa aina moja tu bila kupimwa. Vaa kadhaa, kimbia hatua chache mbele ya duka hata kama watu wanatazama, uchague kile ambacho mguu haukilalamikii. Maumivu yakiwepo na yakakaa wiki kadhaa, hilo ni la mtaalamu wa tiba ya viungo. Muuzaji hawezi kukutibu.

Nitakimbilia msitu wa Karura. Ninunue vile vyenye meno?

Mvua za Machi hadi Mei ule udongo mwekundu huteleza sana, na meno husaidia. Miezi mingine kiatu cha kawaida kinatosha. Kama unakimbia kwenye lami hadi getini, meno yataisha upesi. Kikilowa, toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti, kianike kivulini. Usikiweke kando ya jiko, gundi itaachia.

Nina miaka 54, goti la kulia hunisumbua nikishuka ngazi. Kuna kiatu kitakachonisaidia?

Mzee wangu, lipimwe goti kwanza. Kuhusu kiatu, uliza kisigino kimeinuka kiasi gani kuliko sehemu ya vidole. Kikizidi milimita 10, kano ya nyuma ya kisigino hupumzika lakini goti hubeba zaidi. Kikiwa karibu na usawa, goti hupata nafuu na mzigo huenda kwenye kano na shavu la mguu, ndiyo maana kubadilisha ghafla huumiza. Mimi ningekutafutia cha katikati, milimita 6 hadi 8, na ningekuomba uanze kwa kutembea, ukichanganya na mbio za dakika moja moja kwenye udongo.

Wanariadha wetu wengi walikua wakikimbia peku kwenda shule. Kwa nini nigharamie viatu?

Kwa sababu miguu yao ilikomaa kwa udongo tangu utotoni, nawe umevaa viatu maisha yako yote, na kando ya barabara za Nairobi kuna vigae vya chupa na misumari. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kweli. Mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, amevaa viatu. Ukipenda, tembea peku kwenye nyasi za Arboretum dakika chache kwa siku. Ni mazoezi mazuri ya unyayo.

Kitadumu muda gani?

Kilomita 500 hadi 800. Ukikimbia kilomita 15 kwa wiki, ni miezi minane hadi mwaka. Cha mtumba, kihesabie pungufu, maana mwingine alishatumia sehemu yake. Usikivae sokoni wala kwenye matatu, kiwe cha kukimbilia tu. Andika kwa kalamu ya wino, ndani ya ulimi, mwezi ulioanza kukitumia. Miundi ikianza kuuma bila wewe kuongeza kilomita, tazama kwanza mwezi huo.